Simon Kuznets: Aliyepima pato la taifa na kukataa liitwe ustawi

MDORORO mkuu wa uchumi ulipoikumba Marekani kuanzia mwaka wa 1929, serikali ya nchi hiyo haikuwa na kipimo rasmi cha kuonyesha uchumi wake ulikuwa umeporomoka kwa kiasi gani. Wakuu walikisia kutokana na bei za hisa, idadi ya mabehewa ya mizigo na tani za chuma zilizotoka viwandani. Mamilioni walikuwa wamepoteza kazi, ilhali hasara ya taifa zima ilibaki kitendawili.

Mnamo Juni 1932, Baraza la Seneti liliiagiza Wizara ya Biashara ikokotoe pato la taifa. Wizara haikuwa na wataalamu wa kutosha, hivyo ikamwazima Simon Kuznets kutoka taasisi ya utafiti jijini New York.

Kuznets alizaliwa mwaka wa 1901 mjini Pinsk, ambao leo uko Belarus, katika familia ya Kiyahudi. Alianza masomo ya juu Kharkiv, akahamia Marekani mwaka wa 1922 na kupata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka wa 1926.

Kazi aliyokabidhiwa ilijaa mitego. Mathalani, ngano ikiuzwa kwa msagaji, unga ukauzwa kwa mwokaji, kisha mkate ukauzwa dukani, anayejumlisha mauzo yote matatu atakuwa ameihesabu ngano ileile mara tatu. Kuna pia mama anayepika, kufua na kulea nyumbani mwake. Kwa kuwa halipwi, jasho lake liliachwa nje ya hesabu, lakini yaya akifanya kazi zizo hizo kwa jirani, mshahara wake unahesabiwa. Kuznets aliifahamu vyema kasoro hiyo na hakuificha.

Ripoti yake ya Januari 1934 ilibainisha kuwa kati ya 1929 na 1932 pato la taifa lilikuwa limepungua kwa zaidi ya nusu, ingawa sehemu ya upungufu huo ilitokana na kuanguka kwa bei. Katika ripoti iyo hiyo aliwatahadharisha wabunge kwamba jumla ya mapato haielezi jinsi yanavyogawanywa, wala machovu ya wanaoyachuma, na kwa hivyo haifai kuchukuliwa kuwa kipimo cha ustawi wa wananchi.

Miaka ya arobaini aligeukia nchi maskini. Alionyesha kwamba makadirio ya mapato ya nchi za wakulima yalikuwa madogo mno kiasi kwamba, kama yangekuwa ya kweli, watu wake wasingeweza kuishi. Chakula kinacholimwa na kuliwa nyumbani hakipiti sokoni, na ni shida kukipa bei. Tatizo la hesabu kutoona kila kitu halijaisha. Kenya ilipozirekebisha takwimu zake Septemba 2014, pato lake la mwaka wa 2013 lilipanda kwa takriban asilimia 25, na hakuna mkulima aliyevuna gunia la ziada.

Mwaka wa 1942, vita vikiwa vimepamba moto, Kuznets na mwanafunzi wake wa zamani, Robert Nathan, walitumia hesabu hizo kuwathibitishia majenerali kwamba silaha walizotaka zilizidi uwezo wa viwanda vya Marekani. Jenerali Brehon Somervell aliupuuza uchunguzi huo kwa dharau. Hata hivyo, kabla ya mwaka kwisha, malengo ya jeshi yalipunguzwa.

Hakushinda kila mvutano. Kwake, gharama za kijeshi zilikuwa ada ya kuulinda uhai, si sehemu ya maisha mazuri yenyewe, na hazikustahili kujumlishwa pamoja na mkate na nguo wakati wa amani. Wizara ya Biashara, ambayo ilihitaji kujua uwezo wa nchi kupigana, ilizijumlisha. Mfumo wa hesabu uliotolewa na Umoja wa Mataifa mwaka wa 1953 ulifuata mkondo wa wizara.

Kuznets alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka wa 1971, mwaka ambao pia alistaafu kutoka Chuo Kikuu cha Harvard. Alifariki Julai 1985 katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts, akiwa na umri wa miaka 84.