Don Pringle

Donald James Pringle (Prestwich, Uingereza, 1 Mei 1932 – Nairobi, Kenya, 4 Oktoba 1975) alikuwa mchezaji wa kriketi wa Kenya aliyeichezea timu ya Afrika Mashariki katika Kombe la Dunia la kwanza la mchezo huo mwaka 1975. Alikuwa mrushaji mpira wa mkono wa kulia, mwenye kasi ya wastani.

Maisha

Pringle alizaliwa Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, akahamia Kenya na kuishi huko hadi kifo chake. Mwanawe Derek alizaliwa Nairobi tarehe 18 Septemba 1958. Kazi yake ilikuwa kubuni na kutengeneza bustani. Kriketi aliicheza kwa ridhaa, kama walivyofanya karibu wachezaji wote wa Afrika Mashariki wa wakati huo.

Kazi ya mrushaji

Mrushaji wa kriketi hulenga vijiti vitatu vilivyosimama nyuma ya mpigaji. Akiviangusha, au mpira uliopigwa ukidakwa kabla ya kugusa ardhi, mpigaji hutoka na mrushaji huhesabiwa wiketi moja. Katika besiboli mrushaji huendelea kurusha mpaka abadilishwe na mwingine aliyekuwa akisubiri. Katika kriketi warushaji hupokezana kila baada ya mipira sita, yaani ova moja. Katika Kombe la Dunia la 1975 kila timu ilipewa ova 60, na hakuna mrushaji aliyeruhusiwa kuzidisha ova 12. Kwa hiyo kila timu ilihitaji warushaji watano au zaidi.

Kombe la Dunia 1975

Timu ya Afrika Mashariki iliunganisha wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia chini ya nahodha Harilal Shah wa Kenya. Tanzania iliwakilishwa na Praful Mehta na Shiraz Sumar. Timu ilipangwa kundi moja na Uingereza, India na New Zealand, nchi ambazo wachezaji wake walikuwa wamezoea mechi kubwa za kimataifa.

Pringle hakucheza mechi ya kwanza dhidi ya New Zealand tarehe 7 Juni, ambayo Afrika Mashariki ilishindwa kwa mikimbio 181. Aliingia kikosini tarehe 11 Juni mjini Leeds dhidi ya India, akiwa na umri wa miaka 43. Afrika Mashariki ilipata mikimbio 120 tu, na India ikaifikia bila kupoteza mpigaji hata mmoja. Siku tatu baadaye, mjini Birmingham, Uingereza ilipata mikimbio 290, kisha ikawatoa wapigaji wote wa Afrika Mashariki kwa mikimbio 94.

Katika mechi hizo mbili Pringle hakupata wiketi yoyote. Hizo ndizo mechi zake pekee za kimataifa za siku moja, hivyo katika kumbukumbu rasmi jina lake lina sifuri upande wa wiketi. Nyumbani, hata hivyo, aliendelea kuwa mrushaji hatari.

Kifo

Tarehe 4 Oktoba 1975, chini ya miezi minne baada ya mashindano, Pringle alifariki katika ajali ya gari Nairobi. Alikuwa ametoka kucheza mechi ya ligi ambayo alipata wiketi 6. Mwanawe alikuwa ametimiza miaka 17 siku 16 tu kabla.

Baada yake

Derek Pringle naye alikuwa mrushaji. Aliichezea Uingereza mechi 30 za majaribio kuanzia mwaka 1982. Katika fainali ya Kombe la Dunia mjini Melbourne tarehe 25 Machi 1992 alipata wiketi 3 dhidi ya Pakistan, ingawa Uingereza ilishindwa. Hivyo baba na mwana wote walicheza Kombe la Dunia, kila mmoja kwa timu tofauti.

Timu ya Afrika Mashariki haikurudi tena katika Kombe la Dunia. Kenya ilijiunga peke yake na Baraza la Kimataifa la Kriketi mwaka 1981, na katika Kombe la Dunia la 1996 ikaishinda West Indies mjini Pune, India. Huo ulikuwa ushindi ambao kikosi cha Pringle hakikuupata katika mechi zake tatu.