Heselon Mukiri: Mtu wa Kawaida Miongoni mwa Majabari

Msomaji wa Utendi wa Fumo Liyongo hamsahau shujaa ambaye mwili wake haukudhurika kwa silaha yoyote ila sindano ya shaba kitovuni. Aghalabu humsahau kijakazi Saada, ambaye bila mkate wa wishwa aliopeleka gerezani, tupa ikiwa imefichwa ndani, jabari huyo asingeikata minyororo yake. Saada hakuwa na miujiza. Alikuwa na miguu, siri na uaminifu. Utafiti wa asili ya mwanadamu katika Afrika Mashariki nao una majabari wake, na Saada wake ni wengi. Mmojawapo ni Heselon Mukiri.

Majabari wenyewe wanajulikana. Louis Leakey alizaliwa Kabete mwaka 1903 kwa wazazi wamishenari, akakulia miongoni mwa vijana wa Kikuyu, kisha akasomea Chuo Kikuu cha Cambridge. Mkewe, Mary, alianza kama mchoraji wa zana za mawe na kuishia kuwa mmoja wa wanaakiolojia mashuhuri zaidi wa karne yake. Mukiri, aliyekuwa Mkikuyu pia, alijiunga na Leakey katika misafara ya mwanzo, akabaki naye kwa miongo kadhaa na kuwa msaidizi wake mkuu wa nyanjani. Shahada hakuwa nayo, wala hakupanda jukwaani kuhutubia wasomi. Ulimwengu ulipozoea kuzungumzia bahati ya Leakey, haukujishughulisha sana kuuliza bahati hiyo ilitumia macho na mikono ya nani.

Shule ya kazi hiyo ilikuwa Bonde la Ufa, hasa ukanda wa Nakuru. Kuanzia mwaka 1926 Leakey na wachimbaji wake walifanya kazi kandokando ya Ziwa Elmenteita, wakalifukua pango lililoitwa Gamble's Cave, na baadaye kidogo wakafikia Kariandusi karibu na Gilgil, ambako ardhi ilijaa shoka za mkono, nyingine zikiwa za jiwe jeusi la kioo litokanalo na volkano. Mwaka 1937 Mary aliongoza uchimbaji katika kilima cha Hyrax Hill, nje kidogo ya mji wa Nakuru. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya pango la Mto Njoro, ambamo wafu wa kale walikuwa wamechomwa na kuzikwa pamoja na bakuli za mawe na shanga.

Mtu aliyeona uchimbaji wa aina hii hawezi kuudharau. Udongo huondolewa kwa brashi na kwa ncha ya chuma iliyo nyembamba kama ya daktari wa meno, kisha kila karai huchekechwa. Jua ni kali, na siku nyingi hupita bila chochote kupatikana. Kipande cha taya hufanana na kokoto, na jino huweza kukosewa kuwa la swala. Elimu ya chuoni humwezesha mtu kueleza maana ya jino, lakini haimpi jicho la kuliona. Jicho hilo hupatikana kwa miaka ya kuinama, na miaka hiyo Mukiri alikuwa nayo.

Mwaka 1959, katika Bonde la Olduvai nchini Tanganyika, Mukiri aliokota jino la zamadamu mahali palipopewa alama MK. Muda mfupi baadaye, tarehe 17 Julai, Mary Leakey aliliona fuvu la Zinjanthropus huku mumewe akiwa mgonjwa kambini, na ulimwengu mzima ukageukia fuvu. Ni haki, kwa kuwa fuvu husema mengi kuliko jino. Hata hivyo jino la Mukiri halikutupwa: mwaka 1964, Homo habilis alipotangazwa, lilikuwa miongoni mwa masalia yaliyotumiwa kumthibitisha.

Thamani yake ilidhihirika zaidi Fort Ternan. Reli inayotoka Nakuru kwenda Kisumu hupita hapo baada ya kuteremka kutoka Londiani, na shamba la huko lilikuwa la mlowezi aliyeitwa Fred Wicker, ambaye alimpelekea Leakey mifupa iliyopatikana shambani mwake. Wakati huo Olduvai ilikuwa imewameza wakubwa wote. Mary alikuwa akichimba huko, na Louis alikuwa akizunguka akitafuta fedha na kutoa mihadhara. Uchimbaji wa Fort Ternan ukaachwa mikononi mwa Mukiri. Mwaka 1961 yakapatikana mataya ya nyani mkubwa aliyeishi miaka takribani milioni 14 iliyopita. Leakey alimwita Kenyapithecus wickeri, akiamini kuwa amepata chimbuko la ukoo wa binadamu, dai ambalo wataalamu wa baadaye hawakulikubali.

Jina hilo linastahili kutazamwa mara mbili. Sehemu ya kwanza ni ya nchi, na ya pili ni ya mwenye shamba. Aliyesimamia jembe na brashi hakupata herufi hata moja. Leakey hakumficha Mukiri, maana alimtaja katika maandishi yake, na kumheshimu mwenye ardhi kwa namna hiyo kulikuwa desturi ya fani. Lakini desturi nayo ina upande inaoegemea, na katika Kenya ya kikoloni upande huo haukuwa wa mchimbaji.

Ilichukua zaidi ya miaka 30 kabla ya mizani kusogea. Mwaka 1993 Alan Walker na wenzake walipochunguza upya visukuku vya visiwa vya Rusinga na Mfangano, ambako kundi la Leakey lilikuwa limefanya kazi kwa muda mrefu, walitambua spishi mpya ya nyani mkubwa wa miaka zaidi ya milioni 17 iliyopita. Wakaiita Proconsul heseloni. Mwaka 2015 watafiti wengine waliihamishia katika jenasi mpya. Kanuni za uainishaji huruhusu jina la jenasi libadilike lakini hulilinda la spishi, hivyo leo kiumbe huyo anaitwa Ekembo heseloni: neno la kwanza limetoka katika lugha ya Abasuba wa Ziwa Viktoria, na la pili ni jina la Mukiri.