Giovanni Borelli na Uzito wa Mwili

Giovanni Alfonso Borelli alizaliwa mwaka 1608 katika mji wa Napoli, Italia. Alifundisha hisabati Messina na Pisa. Watu wa siku zile walijua kuinua mizigo kwa wenzo. Borelli alijiuliza kama mwili wa mtu nao hufuata kanuni hiyo.

Kwanza alitafuta mahali ambapo uzito wa mwili husawazika. Aliuegemeza ubao juu ya ukingo mwembamba, na mtu akalala chali juu yake. Ubao ukasogezwa pamoja na mtu huyo mpaka ukatulia bila kuinama upande wowote. Sehemu ya mwili iliyokuwa juu ya ukingo ndiyo yenye kitovu cha uzito. Borelli aliiona kuwa kwenye nyonga. Leo twajua kwamba kiwiliwili peke yake ni karibu nusu ya uzito wa mwili. Mtu mwenye kilo 60 ana kiwiliwili cha kilo 30 hivi.

Kisha alichunguza jinsi mchukuzi abebavyo mzigo. Aligundua kwamba uti wa mgongo ni kama wenzo. Misuli ya mgongo huvuta karibu na egemeo, lakini mzigo huwa mbali nalo. Kwa hiyo misuli hulazimika kuvuta kwa nguvu kubwa kuliko uzito wa mzigo wenyewe. Kabla yake, wataalamu walidhani kwamba misuli huinua mizigo mikubwa kwa nguvu ndogo.

Uzeeni Borelli alishukiwa kuwaunga mkono walioasi utawala wa Hispania, akakimbilia Roma. Huko aliishi katika umaskini, akifundisha watoto hisabati. Hata hivyo hakuacha kuandika kitabu chake juu ya mwendo wa wanyama. Alifariki tarehe 31 Desemba 1679, kabla hakijachapwa. Kilitolewa mwaka 1680 na 1681, kwa msaada wa Christina, aliyekuwa malkia wa Sweden.

Kazi yake yatufaa hata leo. Tuinuapo ndoo ya maji, tukunje magoti na kuishika ndoo karibu na mwili. Tukiinama na kuishika mbali, misuli ya mgongo huumia.

Maswali
1. Borelli alipataje kitovu cha uzito wa mwili?
2. Mwanafunzi ana kilo 32. Kadiria uzito wa kiwiliwili chake.
3. Sawazisha rula juu ya penseli. Weka jiwe dogo upande mmoja. Utaisogeza rula upande gani ili itulie tena?