Daktari Hosokawa na Paka Namba 400

Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Mpanda, mkoani Katavi, huchanganya mchanga uliosagwa na zebaki, hulikamua donge kwa kitambaa, kisha hulichoma ili ibaki dhahabu. Zebaki hiyo haipotei. Hupaa kwa mvuke na kuingia mapafuni mwa mchomaji na jamaa zake, na iliyomwagika huteremka na maji ya mvua. Mito ya huko haiishii porini. Katuma hupita katika Hifadhi ya Katavi na kuelekea Ziwa Rukwa. Madini mazito si mageni Mpanda, kwani hata reli iliyofika huko mwaka 1950 ililetwa na mgodi wa risasi.

Mkazi wa visiwani huenda akauliza hayo yanamhusu nini. Jibu tunalipata katika maisha ya tabibu Mjapani, Hajime Hosokawa, aliyezaliwa mwaka 1901 huko Ehime, katika kisiwa cha Shikoku, na kufariki mwaka 1970.

Hosokawa alikuwa mganga mkuu wa hospitali ya kiwanda cha Chisso mjini Minamata, mji wa wavuvi katika kisiwa cha Kyushu. Mwezi wa Aprili 1956 aliletwa kwake mtoto wa kike asiyefikia miaka sita, aliyeshindwa kutembea na kusema sawasawa; siku chache baadaye akaletwa na mdogo wake. Tarehe 1 Mei taarifa ya hospitali yake ilifika kwa wakuu wa afya, kwamba umezuka ugonjwa wa ubongo na mishipa ya fahamu usiojulikana. Wavuvi walikuwa wamekwisha kuona paka wao wakiyumba na kurukaruka kama wachezao ngoma, hata wakafa.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walishuku kwanza manganizi, seleniamu na thali. Manganizi na seleniamu ni katika vitu ambavyo mwili huvihitaji kwa chembe ndogo mno, na huudhuru vikizidi. Zebaki haihitajiwi hata chembe, na ndiyo waliyoitaja Julai 1959. Kiwanda kilikana.

Hosokawa hakutaka kubishana, alitaka kujua. Alichukua maji machafu ya mtambo wa asetaldehidi, akayachanganya na chakula cha paka aliyeandikwa namba 400. Oktoba 1959 paka huyo alishikwa na ugonjwa ule ule. Wakuu wa kampuni walipoarifiwa, walimzuia kuendelea, na matokeo hayakutangazwa. Mwisho wa Desemba mwaka huo huo wagonjwa walitia saini mapatano ya kupokea fedha kidogo za kuwapa pole, pamoja na sharti la kutodai zaidi hata ikithibitika baadaye kwamba kosa ni la kiwanda. Walitia saini bila kujua habari za paka.

Hatuwezi kumsifu Hosokawa kwa kunyamaza huko. Alikuwa mwajiriwa, na mwajiri wake ndiye aliyekuwa mtuhumiwa. Wako maofisa wengi watakaolielewa jambo hilo kwa undani. Lakini maji yale yaliendelea kumwagwa hadi mwaka 1968, na katika miaka hiyo walizaliwa watoto waliodhurika wakiwa tumboni mwa mama zao, ambao wengine hawakuonyesha ugonjwa wowote.

Mwaka 1970, akiwa kitandani hospitalini Tokyo, anaugua kansa ya mapafu, alitoa ushahidi mbele ya mahakimu waliomwendea, akaeleza yote juu ya paka yule. Alifariki Oktoba mwaka huo. Machi 1973 mahakama ya Kumamoto iliwapa wagonjwa ushindi, na yale mapatano ya 1959 yakatenguliwa.

Sasa turudi kwa samaki. Zebaki ikifika katika tope la mto, ziwa au bahari, vijidudu huigeuza kuwa methili-zebaki. Hiyo huingia kwa viumbe wadogo, kisha kwa samaki wadogo, kisha kwa wakubwa wawalao hao, ikizidi kila hatua. Ndiyo sababu papa, nduaro na jodari mkubwa huwa nayo nyingi kuliko dagaa. Nayo husafiri angani kwa mvuke, hata mmwagaji na mlaji wasijuane kabisa.

Tanzania ilitia saini mwaka 2013 Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki, na kuuridhia mwaka 2020. Tunawaomba maofisa wanaohusika, wa bara na wa visiwani, kila wapimapo samaki, maji au nywele za wachimbaji, wabandike matokeo katika ofisi za vijiji na madiko ya wavuvi, kwa Kiswahili na kwa tarakimu, mwezi ule ule yanapopatikana.