Ferdinand Hurter

Ferdinand Hurter (Schaffhausen, Uswisi, 1844 - 1898) alikuwa mwanakemia wa Uswisi aliyefanya kazi sehemu kubwa ya maisha yake nchini Uingereza. Anakumbukwa hasa kwa utafiti alioufanya pamoja na rafiki yake, mhandisi Vero Charles Driffield (1848 - 1915), kuhusu jinsi picha inavyopokea mwanga. Waliweka matokeo yao katika grafu yenye mstari uliopinda. Mstari wa namna hiyo hutumika hadi leo katika programu za kompyuta za kurekebisha mwangaza na rangi za picha.

Maisha
Hurter alizaliwa katika mji wa Schaffhausen. Akiwa kijana alijifunza kazi ya kutia nguo rangi, kisha akasoma kemia huko Zürich na Heidelberg, ambako mmoja wa walimu wake alikuwa Robert Bunsen. Baada ya kupata shahada ya uzamivu alihamia Uingereza mwaka 1867. Huko aliajiriwa na Henry Deacon katika kiwanda cha kemikali mjini Widnes, kaskazini magharibi mwa nchi. Alimsaidia Deacon kuboresha njia ya kutengeneza klorini kutokana na gesi ya asidi ya hidrokloriki. Mwaka 1890 viwanda vingi vya aina hiyo viliunganishwa kuwa kampuni ya United Alkali, na Hurter akawa mwanakemia wake mkuu.

Driffield alikuwa mhandisi wa kiwanda hichohicho, na alikuwa mpenzi wa kupiga picha. Mwaka 1876 alimshawishi Hurter naye aanze. Hurter, aliyezoea kupima kila kitu kazini, hakuridhika na hali aliyoikuta. Wapiga picha wa wakati ule walikisia tu kamera ifunguliwe kwa muda gani, na kosa lilionekana baada ya bamba la kioo kuharibika.

Utafiti wa picha
Marafiki hao wawili walianza na swali la mwanga wa jua. Mwaka 1888 walipata hataza ya aktinografu, chombo kilichofanana na rula ya kukokotolea. Kilimsaidia mpiga picha kujua muda wa kufungua kamera kulingana na majira ya mwaka, saa ya siku na aina ya bamba.

Chombo hicho kilihitaji kujua uwezo wa kila bamba kuhisi mwanga. Kwa hiyo waliangaza bamba kwa mshumaa wa kipimo maalumu, mbele yake wakizungusha gurudumu lenye matundu. Kila sehemu ya bamba ilipata mwanga mara mbili ya sehemu iliyotangulia. Baada ya kulisafisha, walipima kiasi cha weusi katika kila sehemu.

Matokeo waliyatoa mwaka 1890. Katika grafu yao, mhimili wa chini unaonyesha logi ya mwanga uliopokewa, na mhimili wa wima unaonyesha weusi uliotokea. Mstari wake una sehemu tatu. Mwanzoni unapanda polepole, kwa kuwa mwanga ni mdogo mno. Katikati unanyooka, na hapo tofauti za mwanga zinaonekana sawasawa katika picha. Mwishoni unalala tena, kwa kuwa bamba limekaribia kikomo chake. Mstari unaopanda kwa kasi huleta picha yenye tofauti kali kati ya nuru na kivuli. Unaopanda taratibu huleta picha iliyofifia.

Mabishano
Hurter na Driffield walisema pia kwamba kulisafisha bamba kwa muda mrefu zaidi huongeza weusi, lakini hakubadilishi uwiano wa weusi kati ya sehemu moja na nyingine. Wapiga picha wengi walipinga, kwa kuwa waliamini kwamba ufundi wao ulikuwa katika chumba cha giza. Mwanasayansi William Abney naye alibishana nao.

Aliyetikiswa zaidi ni Peter Henry Emerson. Katika kitabu chake cha 1889 alikuwa amefundisha kwamba picha inaweza kuwa sanaa. Matokeo ya Hurter na Driffield yalikuwa moja ya sababu zilizomfanya aikane imani hiyo hadharani. Aliona kwamba ikiwa mpiga picha hawezi kutawala nuru na kivuli apendavyo, basi si msanii. Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba kanuni ile ya uwiano ilikuwa na mipaka, lakini grafu yenyewe ilibaki.

Urithi
Mwaka 1898, mwaka wa kifo cha Hurter, yeye na Driffield walipewa Medali ya Maendeleo ya Jumuiya ya Kifalme ya Upigaji Picha. Kwa miaka mingi uwezo wa mabamba kuhisi mwanga ulitajwa kwa namba za H&D, yaani herufi za kwanza za majina yao. Mwaka 1920 jumuiya hiyo ilichapisha maandishi yao katika kitabu kimoja.

Katika programu kama Photoshop na GIMP, mhimili wa chini unaonyesha mwangaza wa picha ya awali, na wa wima mwangaza wa picha mpya, kwa kawaida kuanzia 0 hadi 255. Mstari ulionyooka kutoka pembe hadi pembe haubadilishi kitu. Ukiinuliwa katikati, picha inang'aa. Ukipindwa mfano wa herufi S, tofauti za nuru na kivuli zinaongezeka. Nyekundu, kijani na buluu zina mistari yake, hivyo kuushusha mstari wa buluu huifanya picha ielekee njano.

Tofauti kubwa ni kwamba mstari wa Hurter ulieleza tabia ya bamba, na mpiga picha aliupokea ulivyo. Katika kompyuta anauchora mwenyewe. Uwezo ambao Emerson alidhani umepotea sasa uko mikononi mwa kila anayehariri picha.