Mwana Kupona: Mama aliyemwachia binti yake kalamu

Ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tunayatazama maisha ya bibi ambaye hutajwa pale binti anapofundwa kabla ya ndoa. Naye ni Mwana Kupona binti Mshamu. Wengi wetu hapa Moshi, mjini na huko juu Machame na Kibosho, tumelisikia jina lake. Ni wachache tunaojua alivyoishi.

Alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 19 katika kisiwa cha Pate, karibu na Lamu. Mji wa Pate ulikuwa na wanachuoni na washairi tangu zamani. Huko ndiko Mwengo bin Athumani alikotunga Utendi wa Tambuka mwaka 1728. Katika nyumba za watu wa nasaba, watoto wa kike nao walisomeshwa Qur'an na kufundishwa kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mwana Kupona alikulia katika malezi hayo.

Aliolewa na Sheikh Mataka, mtawala wa Siyu, mji ulio katika kisiwa hicho hicho. Huyu alikuwa mtu wa vita. Sayyid Said wa Zanzibar alitaka kuitiisha Siyu, lakini mwaka 1844 jeshi lake lilishindwa na jemadari wake akauawa. Basi bibi huyu hakuishi maisha ya raha tupu. Mumewe alifariki mwaka 1856, naye akabaki mjane na watoto wawili, mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Binti huyo ndiye Mwana Hashima.

Miaka miwili baadaye, yaani 1858, sawa na mwaka 1275 wa Hijria, Mwana Kupona alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu. Alimtazama binti yake ambaye karibu angebaki yatima wa baba na mama, akamwita na kumtaka alete wino na karatasi. Hapo ndipo ulipotungwa utendi wake, wenye beti zipatazo mia moja. Anaufananisha usia huo na kidani cha lulu na marijani, pambo ambalo mama humvisha mwanawe.

Ndani yake anamhimiza binti kushika dini, kuwa na adabu na ulimi mwema, na kutafuta radhi tano: ya Mwenyezi Mungu, ya Mtume wake, ya baba, ya mama na ya mume. Anaeleza namna ya kumtunza mume na kupanga nyumba. Anamkumbuka marehemu mumewe kwa mapenzi, aliyekufa akiwa radhi naye. Kisha anageuka kumwomba Mola: ajaaliwe afya, wanawe wahifadhiwe, ndugu na Waislamu wote warehemiwe.

Wapo wasomi wa zama zetu wanaomlaumu kwamba amemfunga mwanamke katika utii. Wengine hujibu kwamba humo mna hekima ya mwanamke anayeijua nyumba yake, kwani anamwambia binti amlee mume kama mtoto mchanga asiyejua kusema. Huyo hazungumzi kama mtumwa. Sisi tunaongeza jambo moja linalosahaulika: kabla ya nasaha yoyote, mama huyu aliagiza vyombo vya kuandikia. Na hakumwandikia binti yake peke yake. Aliwataka wanawake wengine nao wausome.

Wala hakuwa peke yake katika Umma. Zama hizo hizo huko Sokoto, Nana Asma'u alitunga mashairi na kuwaandaa wanawake wa kuwafundisha wenzao vijijini. Baadaye huko Bara Hindi, Zahida Khatun Sherwani (1894–1922) alitunga kwa Kiurdu, akificha jina lake nyuma ya herufi tatu.

Mwana Kupona alifariki karibu mwaka 1860. Utendi wake ulinakiliwa mkono kwa mkono, ukapigwa chapa kitabuni mwaka 1934, na hadi leo unasomwa. Vita vya mumewe vinajulikana na wachache. Karatasi ya mkewe imefika hadi miteremko ya Kilimanjaro.

Ndugu mzazi, tunapowafunda mabinti zetu tusichukue mlango mmoja wa usia huu na kuufunga mwingine. Ukimtaka binti awe na heima ya Mwana Hashima, mpe kwanza alichopewa Mwana Hashima: mama au baba aliyeketi naye, akamsomesha, akamwachia maneno ya kushika. Binti asiyejua kusoma angepewa karatasi ile ya nini?

Mwenyezi Mungu amrehemu Mwana Kupona, na atujaalie kuwalea watoto wetu katika elimu na adabu. Amin.