Thomas Odhiambo, mtu wa wadudu aliyetaka majirani wachangie laboratwari moja

Profesa Thomas Risley Odhiambo alifariki Nairobi tarehe 26 Mei 2003, akiwa na miaka 72. Kwa watu wengi wa Kenya alikuwa tu mtu wa wadudu. Lakini huyu ndiye alitumia zaidi ya miaka makumi tatu akizunguka kueleza wakubwa wa nchi jambo moja: nchi maskini haiwezi kulipia sayansi ya kweli peke yake, ila nchi kadhaa zikichanga pamoja zinaweza.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1931. Alisoma Maseno, karibu na ziwa Victoria, akaendelea Makerere kule Uganda, kisha Cambridge kule Uingereza, kwa Vincent Wigglesworth, mmoja wa wakubwa wa dunia nzima katika elimu ya wadudu. Aliporudi Nairobi na dokota yake katikati ya miaka ya 1960, Kenya ilikuwa ndiyo imetoka kupata uhuru. Wanasayansi Waafrika walikuwa wa kuhesabu kwa vidole.

Ile wakati Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na vituo vya utafiti vya pamoja. Tororo, upande wa Uganda, walichunguza mbung'o na ugonjwa wa kulala. Muguga, karibu na Nairobi, walichunguza kilimo na magonjwa ya mifugo. Odhiambo aliona hiyo ni njia nzuri, ila haitoshi. Mwaka 1967 akaandika makala katika gazeti la Kimarekani linaloitwa Science. Mawazo yake yalikuwa hivi: kila nchi isijijengee kalaboratwari kake kasikokuwa na vifaa. Afadhali vijengwe vituo vichache, vyenye nguvu, vya watu wote, na Waafrika wenyewe wafanye humo utafiti wa hali ya juu.

Kwa nini alianza na wadudu? Ni kazi aliyoijua, ndiyo, lakini kuna sababu ingine. Mdudu haombi jetoni kwenye bariere. Mbung'o, kupe, kiwavi anayetoboa bua la muhindi, wote wanavuka mpaka bila kuuliza. Huku Kongo wazee wanaolima mihogo wanakumbuka kamdudu keupe kalikofika kutoka Amerika ya Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1970, kakaonekana Zaire na Kongo-Brazzaville, halafu kakasambaa karibu kila nchi ya Afrika inayokula muhogo. Nchi gani ingekazuia kwake pekee?

Mwaka 1970 kituo kikafunguliwa Nairobi, ICIPE, kituo cha kimataifa cha sayansi ya wadudu. Kilianza katika majengo ya muda pale Chiromo, kwenye chuo kikuu. Odhiambo alikuwa ameshawishi maprofesa wenye majina makubwa, kati yao Carl Djerassi, mkemia wa Marekani aliyejulikana kwa kazi yake kwenye vidonge vya uzazi wa mpango. Walikubali kuongoza utafiti wakiwa wanakuja na kurudi kwao, huku watafiti vijana wakifanya kazi ya kila siku Nairobi. Mtu anaweza kusema: sasa hiyo ni sayansi ya Afrika kweli, kama wakubwa wake wanaishi ng'ambo? Odhiambo aliona ni bei ya kulipa kwa muda, hadi vijana wakomae. Na baadaye walikomaa. Kuanzia 1983, kwa programu iliyounganisha ICIPE na vyuo vikuu vya nchi mbalimbali, vijana wa Afrika walikuja kufanyia utafiti wao wa dokota pale, na diploma ikatolewa na chuo kikuu.

Jaribu kubwa lilikuja 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, serikali tatu zikagawana mali, na vile vituo vya pamoja vikabaki vya nchi ambamo vilijengwa. (Jumuiya ambayo Kongo iliingia mwaka 2022 ni ile iliyofufuliwa baadaye.) ICIPE haikugawanywa, juu haikuwa mali ya serikali yoyote kati ya zile tatu. Hapo Odhiambo alikuwa ameona mbali. Mwaka 1986 kituo kikapata hadhi ya shirika la nchi nyingi, kwa mkataba.

Mwaka mmoja mbele, Desemba 1985, alikuwa ameanzisha na wenzake Akademia ya Sayansi ya Afrika, akawa prezidenti wake wa kwanza. Mawazo hayo yalipikwa Trieste, Italia, katika mkutano wa akademia ya nchi za Dunia ya Tatu, iliyoongozwa na Abdus Salam wa Pakistani. Mwaka 1987 alipewa Zawadi ya Afrika ya uongozi wa kumaliza njaa, wakiigawana na Abdou Diouf, prezidenti wa Senegal.

Lakini pesa? Hapa ndipo palimshinda. Sehemu kubwa ya bajeti ya ICIPE ilitoka kwa wafadhili wa ng'ambo. Mwaka 1980, kule Lagos, wakuu wa nchi za Afrika, Zaire ikiwemo, walikuwa wamekubali kufikisha asilimia 1 ya pato la nchi kwa utafiti. Karibu hakuna aliyefikisha. Odhiambo alipotoka kwenye uongozi wa ICIPE mwaka 1994, Hans Herren, Mswisi aliyeongoza vita dhidi ya kale kamdudu ka muhogo, akachukua nafasi yake. Yeye Odhiambo aliendelea kukutanisha wakuu wa nchi, wanasayansi na wafanyabiashara kwenye meza moja, ili serikali zenyewe zitoe mfukoni.

Januari 2007, karibu miaka minne kisha kifo chake, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikutana Addis Ababa kuzungumzia sayansi. Wakarudilia ahadi ileile ya asilimia 1, safari hii wakaweka mwisho: mwaka 2010.